Kukodi huduma za TEHAMA au kujijengea mfumo: mwongozo kwa kampuni za simu

Vifurushi vya siku vilitakiwa kuisha saa sita usiku. Saa sita na nusu, nikiwa zamu, grafu ya matumizi ya intaneti ilikuwa bado imesimama juu kama mchana. Maelfu ya laini zilizomaliza muda wa bando zilikuwa zinapakua tu, hazikatwi hata senti. Nikafungua tiketi, yaani taarifa ya hitilafu, kwa kampuni iliyokuwa inatuendeshea mfumo wa bili. Baada ya dakika arobaini simu ikalia.

"Kaka, tiketi yako nimeiona," akasema kijana wa upande wa pili kwa upole kabisa. "Lakini mfumo uko hewani, seva zote ziko kijani. Hii inaingia daraja la tatu. Siku tano za kazi."

Kwa mkataba tuliokuwa tumesaini, alikuwa sahihi. Mkataba ulipima kama mfumo unapumua; haukupima kama unakata pesa inayostahili. Kibaya zaidi, kwetu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kanuni ya kuisha kwa bando imeandikwa wapi.

Miaka kadhaa baadaye nikafanya kazi mahali pengine ambako karibu kila kitu kilikuwa kimejengwa ndani. Nilifurahi kwa wiki mbili. Wiki ya tatu nikakutana na faili la kanuni za bei lililokuwa na mstari mmoja juu kabisa: USIGUSE, MUULIZE FULANI. Fulani huyo alikuwa ameacha kazi miaka mitatu nyuma. Kila aliyetaka kubadili bei alikuwa anazunguka faili lile kama mtu anayepita kando ya mzinga wa nyuki.

Kwa hiyo mtu akiniuliza tukodi au tujenge, simjibu moja kwa moja. Namrudishia swali, na analijibu mfumo kwa mfumo: mteja akipiga simu akauliza kwa nini amekatwa kiasi hiki, ni nani ndani ya nyumba yenu anayeweza kufuatilia mpaka akapata jibu bila kumsubiri mtu wa nje? Hatua zote zinazofuata zinalizunguka swali hilo.

Hatua ya kwanza: andika mifumo mmoja mmoja

Wakubwa wakikaa kikao husema "tukabidhi TEHAMA nje" kana kwamba TEHAMA ni mzigo mmoja unaobebeka kwa mkono mmoja. Kampuni ya simu ina mfumo wa kukata salio papo kwa papo, mfumo wa kukusanya rekodi za simu kutoka kwenye mitambo, bili za mwezi, mfumo wa kuwasha huduma kwenye laini, katalogi ya bidhaa, taarifa za wateja, mahesabu ya kulipana na kampuni nyingine za simu, mahesabu ya wateja wanaotumia laini zao nchi za nje, kuhama na namba, dawati la huduma kwa wateja, programu ya simu ya mteja. Halafu kuna barua pepe, mishahara na kompyuta za ofisi, ambavyo havina tofauti na vya kampuni yoyote ile.

Kila mfumo upe mstari wake kwenye jedwali, na kila mstari ujaze mambo manne: nani anaumiliki, nani anaurekebisha ukiharibika, unaongea na mifumo gani, na mara ya mwisho ulipobadilishwa ilichukua siku ngapi tangu ombi mpaka mteja akaona mabadiliko. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka kwa sababu inatia aibu. Mimi huanza nayo. Bando jipya likichukua wiki kumi na moja kufika sokoni, hapo umeshajua tatizo liko wapi kabla hujamwita mzabuni yeyote.

Ukimaliza jedwali, fuata muamala mmoja kwa kidole. Mteja anabonyeza menyu kununua bando. Menyu inauliza katalogi bei. Katalogi inajibu, mfumo wa salio unaangalia kama pesa ipo, unakata, unauambia mfumo mwingine uwashe huduma, mtambo wa data unapokea kiwango kipya, SMS inatoka, rekodi inaandikwa, na kesho yake asubuhi rekodi ileile inaingia kwenye ripoti ya mapato. Chora mstari mwekundu kila pale muamala unapotoka mikononi mwa kampuni moja kuingia kwa nyingine. Kila mstari mwekundu ni mahali ambapo tiketi inaweza kulala, kila upande ukisema "kwetu iko sawa". Niliwahi kuona mchoro wa aina hiyo wenye mistari saba kwa bando moja.

Hatua ya pili: tenga kinachofanana na cha wenzako na kinachokupa sura yako

Hapa ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika, kwa hiyo usiharakishe.

Sehemu kubwa ya kazi za ndani za kampuni ya simu zimekwisha kuandikiwa viwango. Shirika la 3GPP, lililoanzishwa mwaka 1998, ndilo linalotoa vipimo vya jinsi mtambo unavyouliza mfumo wa salio "huyu nimruhusu megabaiti ngapi?" kabla ya kumpa mteja data. Kwenye 4G mazungumzo hayo hufanyika kwa itifaki ya Diameter. 5G ilipokuja yakahamia kwenye HTTP/2, itifaki inayotumiwa na tovuti. Timu iliyojiandikia mfumo wake wa kukata salio wakati wa 4G ililazimika kujifunza upya lugha ambayo haikuichagua, kwa ratiba ambayo haikuipanga. Mkandarasi mwenye wateja wengi hugawa gharama ya kujifunza huko kwa wote. Wewe unaibeba peke yako.

Tazama na ukubwa wa kazi. Chukulia una wateja milioni 10, kila mmoja anazalisha matukio 20 kwa siku: simu, SMS, vipande vya data. Hayo ni matukio milioni 200 kwa siku, sawa na takriban 2,300 kila sekunde. Huo ni wastani tu. Saa mbili usiku, au siku ya sikukuu, zidisha mara tatu au zaidi. Na mfumo wa salio hauna ruhusa ya kufikiri polepole, kwa sababu mteja ameshika simu sikioni akisubiri iite.

Maoni yangu, na najua wapo wahandisi watakaonipinga: moyo wa kukata salio, ukusanyaji wa rekodi kutoka mitamboni, na mahesabu ya kulipana na kampuni nyingine, nunua. Vitu hivyo vikifanya kazi vizuri hakuna mteja atakayekusifia, na vikiharibika utazama navyo. Hakuna anayehamia kampuni yako kwa sababu rekodi zenu za mitamboni zimesafishwa kwa ustadi.

Kinachokupa sura ni kile mteja anachokigusa na kile kinachoamua haraka unavyoweza kujibu soko: katalogi ya bidhaa na kanuni za ofa, programu ya simu, menyu, skrini ya mhudumu wa dawati, na uchambuzi wa tabia za wateja. Vitu hivyo vijenge mwenyewe, au vijengewe kwa maelekezo yako na msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, ubaki wako.

Barua pepe, mishahara na kompyuta za ofisi kodi, tena usipoteze kikao kizima kuvijadili.

Hatua ya tatu: hesabu watu kabla ya pesa

Wiki ina saa 168. Mtu anafanya kazi saa 40. Ukitaka kiti kimoja kisikae wazi usiku na mchana unahitaji watu 4.2, na ukiingiza likizo, maradhi na mafunzo, panga watano au sita. Hao ni wa kukaa zamu tu, hawajaandika hata mstari mmoja wa programu. Mfumo uliojijengea unahitaji kiti cha namna hiyo, pamoja na waandishi wa programu, wa hifadhidata na wa majaribio.

Sasa jiulize kwa ukweli: unaweza kuwaajiri, na wataendelea kukaa? Waandishi wa programu wazuri huwindwa. Kama idara nzima inasimama juu ya mabega ya vijana wawili, hujajenga mfumo, umepanga foleni ya kuelekea kwenye faili la USIGUSE.

Ila kukodi nako hakukuondolei watu. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: kampuni inasaini mkataba wa kukodi Jumatatu, Ijumaa inawaaga wahandisi wake wote, au inawahamishia kwa mkandarasi pamoja na kumbukumbu zao zote vichwani. Baki na kikosi kidogo kinachosoma kanuni za bei, kinachoweza kuuliza hifadhidata chenyewe, na kinachoweza kumwambia mkandarasi "hapana, kosa liko hapa" na kumwonyesha. Kwa kampuni ya wastani watu wanane wanaojua kazi hutosha kumfanya mkandarasi awe mwangalifu.

Hatua ya nne: pesa za miaka mitano

Bei ya kwanza haina maana yoyote. Linganisha miaka mitano, pande zote mbili.

Upande wa kununua, angalia leseni inavyohesabiwa. Ikihesabiwa kwa kila mteja, ukikua kutoka wateja milioni 3 hadi milioni 9 ada inakuwa mara tatu ya ile ya mwanzo, hata kama seva zimeongezeka kidogo tu. Omba bei inayoshuka kadiri idadi inavyopanda, na bainisha ni nani anayehesabiwa: laini yoyote iliyowahi kusajiliwa, au iliyotumika ndani ya siku 90? Tofauti ya fasili hizo mbili inaweza kuwa mamilioni ya laini zilizolala. Matunzo ya kila mwaka mara nyingi huwa karibu asilimia 20 ya bei ya leseni, maana yake ndani ya miaka mitano umeinunua programu mara ya pili. Kisha kuna maombi ya mabadiliko. Hapo ndipo wakandarasi wengi wanapopata faida yao. Pekua maombi yenu ya mwaka uliopita, yahesabu, na mwombe mzabuni ayape bei hayohayo, moja moja, kabla hujasaini.

Upande wa kujenga, watu huhesabu mishahara ya mwaka wa kwanza wakaishia hapo. Ongeza kuhamisha data, kuendesha mifumo miwili sambamba kwa miezi kadhaa, ukaguzi wa usalama, na kuandika upya sehemu ambazo mtazichukia mwaka wa tatu. Mtazichukia.

Hatua ya tano: mkataba, ukiamua kukodi

Anza na asilimia. Mzabuni atakuandikia 99.9 na itapendeza machoni. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni ruhusa ya kulala dakika 43. Asilimia 99.99 ni dakika 4 na ushee. Uliza dakika hizo zinapimwa wapi. Kama zinapimwa kwenye seva yake, utarudi kwenye usiku wangu wa vifurushi visivyoisha. Pima mahali mteja anapoumia: kati ya kila miamala 1,000 ya kununua bando, mingapi ilikamilika ndani ya sekunde kumi? Rekodi zilizotoka mitamboni jana na zilizotozwa jana zinapishana kwa kiasi gani? Na mkataba useme wazi kwamba kosa lolote linalokata pesa isiyo sahihi, iwe zaidi au pungufu, ni daraja la kwanza hata kama kila seva iko kijani. Sentensi hiyo moja ingetuokoa usiku ule.

Halafu tazama mkandarasi analipwa kwa lipi. Mwaka 2004 Bharti, kampuni ya simu ya India inayojulikana leo kama Airtel, iliikabidhi IBM kazi zake za TEHAMA kwa mkataba wa miaka 10, na uendeshaji wa mitandao ikawapa Ericsson na Nokia. Upya wake ulikuwa kwenye malipo. IBM ilipata sehemu ya mapato, na wa mitandao walilipwa kwa uwezo uliotumika, si kwa masanduku waliyouza. Bharti ikabaki na wateja, bei na mauzo. Kampuni nyingi ziliiga nusu ya kwanza, ya kukabidhi, zikasahau nusu ya pili, ya kumfanya mkandarasi aumie unapoumia na anenepe unaponenepa. Ila na wewe jihadhari: mgawo wa mapato ni mtamu soko likipanda. Bei za data zikishuka, mkandarasi ataanza kupunguza watu waliowekwa kwenye kazi yako, tena kimyakimya.

Tarehe 6 Desemba 2018 ilionyesha upande mwingine. Wateja wa O2 nchini Uingereza walikosa data kwa siku nzima, na siku hiyohiyo SoftBank ya Japani nayo ikaanguka. Chanzo kilikuwa cheti cha usalama kilichomaliza muda wake ndani ya programu ya Ericsson iliyokuwa kwenye mitambo yao. Kampuni zilizokuwa zimepanga kwenye mtandao wa O2, kama giffgaff na Tesco Mobile, zikaanguka nazo bila kosa lao. Kwa hiyo dai kwenye mkataba orodha ya vyeti vyote na tarehe zake za kuisha, na kalenda yake itunze wewe mwenyewe. Ni kazi ya jedwali moja. Naona ajabu ni wangapi hawana.

Kipengele cha kuondoka kiandike siku ya kuingia, mnapopendana. Data itarudishwa kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi, kwa bei gani. Mkandarasi atakaa miezi mingapi kumsaidia mrithi wake. Msimbo chanzo uwekwe amana kwa mtu wa tatu, ili kampuni ikifilisika uweze kuuchukua. Kudai violesura, yaani milango ambayo mifumo huongea kupitia kwayo, vinavyofuata viwango vya TM Forum, umoja wa kampuni za simu na wauzaji wa mifumo yao, kunasaidia sana hapa, kwa mfano TMF620 kwa katalogi ya bidhaa na TMF622 kwa maagizo, kwa sababu mfumo unaozungumza lugha hizo unaweza kuung'oa na kupachika mwingine bila kubomoa ukuta mzima.

Kuhusu taarifa za wateja, kumpa mkandarasi hakukuvui jukumu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, inamwajibisha mwenye data hata pale anayeichakata ni kampuni nyingine, na faini yake inaweza kufika asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima. Nchi nyingi zimefuata mkondo huohuo. Mwanasheria wako asome seva zitakaa wapi kabla mhandisi hajasaini.

Hatua ya sita: ukiamua kujenga

Anza na kipande kidogo kilicho pembeni ya pesa. Skrini ya mhudumu wa dawati ni mahali pazuri: inasoma mifumo yote, haikati salio la mtu, na ikikosea anayelalamika ni mfanyakazi mwenzako. Timu ikiweza kuitoa kwa wakati na kuitunza kwa miezi sita, ipe katalogi.

Kila kanuni ya bei iwe na watu wawili wanaoielewa na jaribio linaloithibitisha. Bando linaloisha saa sita usiku liwe na jaribio linalonunua saa tano na dakika 58, likatumia data mpaka saa sita na dakika mbili, na kuhesabu kilichokatwa. Pia lipite mwisho wa mwezi, na mwaka mrefu, na siku saa inaporudishwa nyuma kwa nchi zinazobadili majira. Jaribio la namna hiyo linasomeka na kila mtu, hata aliyeajiriwa jana, na halijui kuacha kazi.

Hatua ya saba: kuhama

Uwe umekodi au umejenga, utalazimika kuhamisha wateja kutoka mfumo wa zamani, na hapo ndipo uamuzi wako wote unapojaribiwa. Endesha mifumo miwili sambamba. Rekodi zilezile ziingie pande zote mbili, mmoja utoze kweli na mwingine utoze kivuli, yaani uhesabu tu bila kukata pesa, kisha linganisha mstari kwa mstari.

Usichague laini za majaribio kwa bahati nasibu peke yake. Watafute wateja wa ajabu: mwenye bando tatu zinazoingiliana, mwenye salio hasi, aliyehama na namba wiki iliyopita, kampuni yenye laini 400 kwenye akaunti moja na bei ya zamani iliyoahidiwa na mkurugenzi aliyekwisha kustaafu. Laini elfu moja za aina hii zitakufundisha kuliko milioni moja za kawaida. Mimi sikubali kuhamisha kundi la kwanza mpaka kila tofauti iliyobaki iwe na maelezo ya maandishi, na maelezo hayo yawe yameandikwa na mtu wetu. Ya mkandarasi nitayasoma, ila hayatoshi.

Baada ya kundi la mwisho kuhamia, mfumo wa zamani usizimwe. Uache usomeke tu, bila kutoza, mpaka muda wa kupinga bili upite na wakaguzi wa hesabu wamalize mwaka ule. Kabla ya kuuzima moja kwa moja, mwombe mhudumu wa dawati alete lalamiko moja la zamani, na kikosi chako kilijibu kwa kutumia mfumo mpya peke yake. Kikishindwa, uache uendelee kuwaka.